Kapsuli za manjano, habasoda na mlonge wakati wa mionzi ya kansa, zasaidia kweli ama ni biashara?

Mwanakombo_Kisauni
Assalam aleikum jamaa, na wengine wote habari zenu. Nina swali na naomba mwenye kujua anijibu kwa ukweli si mzaha. Halati yangu ana kansa ya koo, alhamdulillahi imeonekana mapema, na wiki ijayo yuaanza mionzi. Ameambiwa atapigwa mara 35, Jumatatu mpaka Ijumaa, yani wiki saba hivi. Sasa kuna mama mmoja huku mtaani auza kapsuli za manjano, habasoda na majani ya mlonge yote yamesagwa pamoja, kopo shilingi 3,500, na yuasema ukianza kumeza mapema seli zako nzima zinalindwa haziungui na mionzi. Nikamuuliza imeandikwa wapi hiyo, nikidhani nimemshika, akanitumia kwa simu utafiti wa India, panya walipewa mlonge halafu wakapigwa mionzi na uboho wao ukaharibika kidogo kuliko wale ambao hawakupewa. Nimeusoma, ni utafiti wa kweli si hizi za kuforwadi. Halati ashanunua makopo mawili. Namwambia tumuonyeshe daktari kwanza, yeye yuasema daktari atakataa tu, wao na dawa za miti hawapatani. Binamu zangu nao wako upande wake, mimi ndo naonekana mbaya. Hebu niambieni, hii kitu ina ukweli ama haina? Na kama ina ukweli kwa nini hospitali hawapeani?

bi_mkubwa_majengo
Waaleikum salaam mwanangu, Mungu ampe halati yako shifaa. Mimi mamamkwe alikuwa na ya titi, na mda wote wa mionzi alikunywa maziwa ya manjano na asali kila usiku, yuko hai mpaka leo apika mwenyewe. Hawa madaktari wa siku hizi hawajui kila kitu. Manjano tumekula tangu tuzaliwe, yamemuua nani? Mwache ameze, akiamini pia ni dawa.

fundimionzi
Bi mkubwa shikamoo, na hongera kwa mamamkwe. Mwanakombo pole na ugonjwa. Mimi kazi yangu ni kuendesha hizo mashine zenyewe, sitasema wapi, kwa hivyo hili swali naulizwa na wagonjwa karibu kila wiki. Nitajibu kirefu kidogo manake jibu la ndio ama la halitoshi, na huyo mama wa kapsuli hajadanganya moja kwa moja, ndo ubaya wenyewe.

Mionzi ikipita kwa mwili mara nyingi haigongi DNA yenyewe. Mtu ni maji, zaidi ya nusu ya mwili, so kinachogongwa sana ni maji, na molekuli ya maji ikivunjika hutoa kitu kinaitwa radikali ya haidroksili. Hicho ni kichokozi balaa, maisha yake ni kama sehemu moja ya bilioni ya sekunde na ndani ya huo mda kinashambulia chochote kilicho karibu, ikiwa ni DNA inakatika. Kwa eksirei na gama karibu theluthi mbili ya madhara kwa seli yapitia njia hii ya maji. Theluthi ilobaki ni DNA kugongwa yenyewe na hapo hata ukinywa pipa la manjano hakuna kitu.

Antioksidanti ni kitu kinachojitoa, chaipa ile radikali elektroni ama haidrojeni inatulia kabla haijafika kwa DNA. Mimea imejaa hivi vitu, kurkumini kwa manjano, katekini kwa majani ya chai, thaimokwinoni kwa habasoda, rangi nyekundu ya choya, eujeno ya karafuu, na India wamefanyia kazi sana mrihani wao ule mtakatifu wanauita tulsi. Ukiweka seli kwa kisahani maabara, ukamwaga kurkumini halafu ukapiga mionzi, DNA inakatika kidogo. Ni kweli kabisa. Ila angalia masharti: dawa iko ndani ya seli TAYARI wakati mionzi yapita, na iko nyingi. Ukimeza saa mbili usiku na mashine ilipita saa nne asubuhi, zile radikali zilishakuja zikaondoka kitambo.

Na wazo lenyewe si geni wala si la miti peke yake. Mwaka 1949 huko Marekani Patt na wenzake walidunga panya sisteini, hii amino asidi ya kawaida, kabla ya kuwapiga eksirei, wengi wakaokoka. Jeshi la Marekani likaona hapa pana kitu, wakati ule kila mtu aogopa bomu la nyuklia, wakatengeneza maelfu ya dawa za aina hiyo pale Walter Reed, taasisi yao ya utafiti wa jeshi. Iliyofika hospitali ikatumika ni moja, amifostini. Yapewa kwa mshipa dakika 15 mpaka 30 kabla ya mionzi, na ilikubaliwa huko kwao mwaka 1999 ilinde tezi za mate kwa wagonjwa wa kansa za kichwa na shingo. Na hiyo pia yatapisha na yashusha presha vibaya, wengi waliiacha. So Mwanakombo ukiuliza kwa nini hospitali hawapeani, jibu ni kwamba wametafuta kwa miaka zaidi ya 70 na kilichopatikana ni kidogo hivyo.

Sasa shida kubwa. Nani ameiambia hiyo kapsuli ilinde koo nzima na iiache kansa? Kansa ni seli za halati hizo hizo, zanywa damu hiyo hiyo. Ni sawa na mlinzi uliyemwambia asimfungulie mtu geti, polisi wamekuja kumshika mwizi alie ndani nao wanafungiwa nje. Amifostini angalau ina ujanja, yahitaji kimeng'enya kilicho kingi kwa tishu nzima na kichache kwa kansa ndo iwashwe, na hata hivyo madaktari walibishana miaka kama yalinda kansa pia. Manjano hayana huo ujanja ambao umethibitishwa kwa mtu.

Na hii imejaribiwa kwa watu, si panya. Kanada, jimbo la Quebec, wagonjwa 540 wa kansa za kichwa na shingo, yani watu wa aina ya halati, nusu wakapewa vitamini E, na wa mwanzo beta-karotini pia, wakati wa mionzi na baadae, nusu wakapewa vidonge bandia. Matokeo yalitoka 2005. Waliomeza za kweli walipata vidonda na maumivu makali kidogo kuliko wenzao, yani ulinzi ulifanya kazi! Lakini kwao kansa ikaelekea kurudi zaidi. Walipochambua tena baadae wakaona madhara yamekaa kwa wale waliokuwa wanavuta sigara huku wanapigwa mionzi. Kwa hivyo swali la kwanza mimi ningemuuliza halati si kapsuli, ni kama anavuta ama anatafuna tumbaku kwa tambuu.

Muuza_viungo_Marikiti
Fundi umeongea lakini umetuharibia biashara asubuhi asubuhi 😂 Mimi niko Marikiti nauza viungo, baba yangu aliuza hapo hapo na babu pia. Sijawahi kumwambia mtu manjano yatibu kansa, lakini watu wenyewe waja wanaambiwa huko nje, wanataka kilo nzima. Swali langu, umesema Kanada walitumia vitamini, si manjano. Sasa manjano yenyewe yamejaribiwa kwa mtu ama mwatuhukumu kwa kosa la vitamini?

mfamasia_mvita
Swali la Marikiti ni zuri, na limejaribiwa. Marekani walichukua wanawake 30 wa kansa ya titi, wakawapa gramu 6 za kurkumini kwa siku mda wa mionzi, waone kama ngozi haitaungua. Hiyo ya kwanza ilitoka 2013 na ilionekana nzuri, ngozi iliungua zaidi kwa waliopewa vidonge bandia, magazeti yakafurahi. Wakarudia na wagonjwa 686 dozi ile ile, ikachapishwa 2018, tofauti hakuna. Yani hii ndo tabia ya hizi dawa, kwa kisahani nzuri, kwa panya nzuri, kwa watu 30 nzuri, kwa watu mamia yapotea.

Sababu moja ni tumbo. Kurkumini haipiti vizuri tumboni kuingia kwa damu, na kile kidogo kinachopita ini lakibadilisha haraka. Maabara wamwaga kiasi ambacho damu ya mtu haitakiona. Ndo maana wajanja wanaongeza pilipili manga, ile piperini yake yazuia ini lisiitoe, kuna majaribio ya 1998 iliongeza kurkumini kwa damu mara 20 hivi. Sasa hapo mimi kama mfamasia ndo nashtuka zaidi, manake ini ambalo umelizuia lisitoe kurkumini umelizuia pia kwa dawa zingine za mgonjwa. Halati anapewa kemo pamoja na mionzi? Kansa ya koo ikiwa kubwa kidogo huwa wanaongeza sisiplatini. Ana presha, sukari, anameza dawa ya kuzuia damu kuganda? Manjano mengi na habasoda nyingi zote zaweza kusumbua kuganda kwa damu na kushusha sukari. Kwa mchuzi haina neno, kwa kapsuli ya gramu kadhaa kila siku ni habari nyingine.

Na Marikiti usinikasirikie, unga wa manjano wenyewe wa kutoka wapi? Bangladesh watafiti walikuta manjano yanatiwa rangi ya risasi, lead kromati, yawe ya manjano sana yavutie, watu walikuwa na risasi kwa damu kwa sababu ya kiungo cha mchuzi. Serikali yao iliingia sokoni 2019. Kopo lisilo na jina la kiwanda wala namba ya bechi, mimi simpi mgonjwa wa kansa hata likiwa bure.

Muuza_viungo_Marikiti
Hiyo ya rangi ni kweli kabisa wallahi. Manjano mabichi ununue mzizi uusage mwenyewe nyumbani, ukiona unga unang'aa kama jua, ujue kuna kitu. Haya nimekubali, mzizi upikiwe samaki. Kapsuli waulizwe wenye kapsuli.

dereva_bandarini
Naomba niingilie kidogo, si kuiba mada. Mimi naendesha lori natoa makontena bandarini na kila mara twapita kwa ile skana kubwa ya mizigo. Kuna jamaa auza juisi ya choya na mlonge pale nje yuatuambia madereva tuwe twanywa kila siku manake skana yatumaliza, na ukioa hupati mtoto. Tena mimi kwetu ni Kwale, karibu na mlima wa Mrima, huko nako wasema mawe yana mionzi. Sasa fundi niko hatarini ama juisi yatosha?

fundimionzi
Dereva hahaha, juisi kunywa kama wapenda, lakini si kwa sababu ya skana. Ile yapiga eksirei kwa kontena, na ndo sababu mwaambiwa mshuke ama kichwa cha lori kipite kwanza, fuata hayo maagizo tu. Na mzigo ukishapita haubaki na mionzi, eksirei ikizimwa ni kama taa, mchele uko vile vile.

Nikupe vipimo upate picha. Eksirei moja ya kifua ni kama milisiverti 0.1, hicho ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini. Binadamu wa kawaida duniani apata kama 2.4 kwa mwaka kutoka kwa mawe, hewa, miale ya angani na chakula bila kwenda hospitali. Siti skani ya kifua ni kama 7. Halati sasa, kwenye lile koo, kila siku apigwa grei 2 (grei moja ya eksirei ni kama milisiverti 1,000), hiyo ni maelfu ya mara ya eksirei ya kifua lakini imelengwa mahali padogo, na mwisho wa wiki saba imefika 70. Ukimpiga mtu mwili mzima grei 5 kwa mara moja bila matibabu uwezekano mkubwa afariki. Kwa hivyo mwili wa dereva na koo la halati si habari moja hata kidogo. Mrima ni kweli, mawe yale yana thoriamu na kipimo kiko juu kuliko kwingine hapa pwani, imejulikana kitambo, mtu asichukue mawe ya kule akajengea nyumba. Ila kuwa wa huko peke yake si ugonjwa, na hakuna juisi ya kutoa thoriamu kwa mlima.

Kwa Mwanakombo nimesahau kitu muhimu kuliko vyote. Kwa nini mara 35 na si mara moja? Kwa sababu seli nzima zinajua kujirekebisha. DNA ikikatika, usiku zaiunganisha, zina mafundi wao wa protini, na zina antioksidanti zao wenyewe za ndani, glutathioni na vimeng'enya. Kansa nyingi ni wabovu kwa hiyo kazi ya kurekebisha. So kila siku twakata wote, usiku wazima wanajiponya zaidi kuliko wabaya, asubuhi tena. Huo usiku NDO ulinzi wa seli za halati, na ni bure. Kinachoharibu ni kukosa siku. Kwa kansa za kichwa na shingo kila siku inayorefushwa matibabu inapunguza nafasi ya kuimaliza kwa asilimia 1 hivi, wakati mwingine zaidi. Mtu akose Ijumaa kwa foleni ya ferry, akose Jumatatu kwa mazishi, akose Jumatano kwa nauli, hapo amepoteza kingi kuliko kapsuli yoyote ingempa. Hizo 7,000 za makopo mawili zingelipa nauli ya Kisauni siku nyingi tu.

Na damu. Kansa isiyopata oksijeni ya kutosha yahitaji mionzi mara mbili na nusu mpaka tatu kuuawa sawa na ile yenye oksijeni. Damu ikishuka sana daktari ataiangalia, wewe hakikisha anakula.

bi_mkubwa_majengo
Fundi nimekusoma neno kwa neno na miwani. Sasa mamamkwe wangu maziwa ya manjano yalimdhuru ama hayakumdhuru?

fundimionzi
Hayakumdhuru bi mkubwa, kijiko kwa maziwa ni chakula. Kilichomponya naamini ni upasuaji na mionzi, lakini maziwa na asali yalimpa nguvu na usingizi, sikatai. Asali hata kwa wagonjwa wa koo ina ushahidi, miongozo ya kimataifa ya vidonda vya mdomo vya mionzi imeitaja. Angalia tu sukari kama ana kisukari, na asukutue baadae meno yasioze, manake mate yakipungua meno huoza haraka. Tena kabla hajaanza, aende kwa daktari wa meno, jino bovu ling'olewe SASA. Kung'oa baada ya mionzi taya laweza kukataa kupona.

Mwanakombo_Kisauni
Jamani nyinyi Mungu awalipe, nimechapisha haya majibu nikamsomea halati ukumbini mbele ya binamu wote. Hiyo ya polisi na mwizi ndo ilimfanya anyamaze. Havuti, lakini tambuu alikuwa akila miaka, amesema ataacha tuone. Sasa chakula, manake yeye bila achari na pilipili hali. Na tangawizi kwa chai je, na madafu?

mfamasia_mvita
Manjano, tangawizi, karafuu, iliki kwa kiasi cha chungu cha kawaida, hakuna shida yoyote. Matunda na mboga ale, hizo antioksidanti za chakula hakuna aliyezikataza. Kinachokatazwa ni vidonge vya dozi kubwa, mpaka amalize na daktari aseme. Achari na pilipili yeye mwenyewe ataziacha wiki ya tatu, koo likianza kuchubuka ndimu yauma kama moto. Hapo ni wali wa maji, uji wa mtama, mbaazi za nazi zilizopondwa, samaki wa kupaka bila pilipili, mayai, maziwa lala. Asukutue mdomo na maji ya chumvi vuguvugu mara nyingi kwa siku. Madafu sawa, ila akiwa kwa sisiplatini na figo zikaanza kulalamika amuulize daktari, dafu lina potasiamu nyingi. Na uzito apimwe kila wiki, akishuka kilo msingoje.

dereva_bandarini
Na shisha? Si ya matunda ile

fundimionzi
Moshi ni moshi ndugu yangu. Hata nyinyi mnaokuja kumtembelea mkavutie nje ya geti.

Mwanakombo_Kisauni
Marejesho. Tumeenda kliniki leo na makopo yote mawili kwa mfuko. Daktari hakukasirika hata kidogo, ameyashika akayageuza geuza, akauliza nani ametengeneza, hakuna jina, hakuna tarehe, hakuna hata gramu ngapi. Amesema yawekwe kando mpaka mionzi iishe na baada ya hapo waongee tena, mchuzi wa manjano ale. Amempeleka kwa daktari wa meno, meno mawili yang'olewa kesho, kwa hivyo kuanza kumesogea kidogo yapone. Halati yuauliza kama yule mama atakubali kurudisha pesa, kopo moja halijafunguliwa.

bi_mkubwa_majengo
Nipe jina la mtaa, nitamwendea mwenyewe.